Chuma Hakisahau Nyundo

Fundi wa masanduku huikagua kazi yake kwa kidole gumba. Niliyaona hayo Kitale, mwishoni mwa Desemba, siku ambazo vibanda vya jua kali hufunikwa na milima ya masanduku ya bati, mekundu, ya buluu na ya kijani, yakiwangoja wazazi wenye watoto wa shule za bweni. Alikuwa amemaliza kukunja kifuniko. Hakukitazama. Alikilaza kwenye kiganja, akakibonyeza katikati. Kifuniko kikalia tap, kikabonyea. Akaachilia, kikalia tap tena, kikarudi. Akatikisa kichwa, akakirudisha juu ya kipande cha reli anachokitumia kama fuawe, akaanza kukigonga upya. Ila hakugonga pale katikati palipolia. Aligonga pembezoni, karibu na mkunjo, mapigo madogo madogo, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa.

Nikamuuliza, “Fundi, mbona hugongi palipo na ubovu?”

“Ubovu hauko pale, mwalimu,” akanijibu bila kuinua macho. “Pale ndipo unapolilia.”

Alikuwa sahihi kabisa, na ingenichukua muda kuelewa ni kwa kiasi gani. Bati lile lilikuwa limetanuka katikati kwa kupigwapigwa, huku kingo zake zikibaki fupi na zilizokaza. Sehemu ya katikati ilikosa nafasi ya kulala, ikavimba. Kuigonga tena kungeitanua zaidi. Dawa ni kuzirefusha kingo kidogo kidogo mpaka zitoshane na tumbo. Baada ya dakika kama kumi alilibonyeza tena. Safari hii halikulia. Lilipokea kidole kwa uzito mmoja kila mahali, likanyamaza.

Wahandisi wanakiita kitu hicho mkazo uliobaki. Ni nguvu inayoishi ndani ya chuma wakati hakuna mtu anayekivuta, hakuna mzigo juu yake, na moto umeshazimwa. Kuijua nguvu hiyo ni ufundi. Kuipima ni ufundi mwingine, na huo wa pili ndio ninaotaka kuusifu hapa, kwa sababu hausifiwi vya kutosha.

Chukua upapi wa chuma, ule bapa wa kutengenezea madirisha. Upinde kidogo kwa mikono, kisha uachie: unanyooka. Upinde zaidi, kwenye jiriwa: unarudi kidogo tu, halafu unabaki umepinda. Kila mhunzi anajua kurudi huko. Mafundi wa Bungoma wanaofua bangili na njuga za chinyimba, zile ambazo vijana wa Kibukusu huzigonga kwa mdundo wanapozunguka kwa jamaa kuwaalika kwenye tohara ya Agosti, mwaka unaogawanyika kwa mbili, hawakunji bangili kwa kipimo cha mkono. Wanaikunja ipite kipimo, kisha wanaiacha irudi yenyewe ilipotakiwa. Kipimo cha kupitiliza hakijaandikwa popote. Kimo mkononi.

Lakini kwa nini hairudi yote? Upapi unapopindwa, tabaka la nje la mkunjo huvutwa kuliko yote, na la ndani hubanwa kuliko yote. Matabaka ya katikati husumbuliwa kidogo tu. Ngozi ikivutwa kupita kikomo, hurefuka moja kwa moja, haina tena kwao pa kurudi. Matabaka ya katikati hayakufika kikomo. Yangali na hamu ya kurudi kwao. Ukiachia, yanavuta ili yarudi, na ngozi iliyokwisha kurefuka inayazuia. Mwisho wake ni suluhu isiyompendeza yeyote: matabaka yaliyo karibu na katikati hubaki yakivutwa, na ngozi ya nje iliyokuwa ikivutwa hujikuta sasa inabanwa. Upande wa ndani wa mkunjo, mambo ni kinyume: ngozi iliyobanwa hubaki ikivutwa.

Hesabu yake inashangaza. Tuseme ni upapi wa chuma laini ambacho kikomo chake ni megapaskali 250, nao umepindwa sana mpaka karibu unene wake wote umepita kikomo. Ukiuachia, ngozi yake hubaki na mkazo wa takriban nusu ya kikomo hicho, yaani megapaskali 125, kwa upande ulio kinyume na ule wa mwanzo. Karibu na kiini, mkazo unaobaki hukaribia kikomo chenyewe. Na ukijumlisha mivuto yote na mibano yote ndani ya kipande kile, unapata sifuri. Ndiyo maana kinatulia juu ya meza, hakisogei, hakilii. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nenda Kanduyi, pale njia ya Bungoma inapoungana na barabara kuu ya malori yanayoelekea Malaba, uusikilize mshindo wenyewe. Springi za malori hulegea kwa mizigo na mashimo, na kuna mafundi wanaozirudishia mgongo wake bila moto. Bapa la springi huwekwa juu ya vyuma viwili vilivyoachana, upande wa ndani wa tao ukiangalia juu, na nyundo kubwa inashuka katikati. Pigo, tazama, pigo, tazama. Fundi anapiga magoti, anafumba jicho moja, analipima tao kwa macho akililinganisha na bapa zima lililo pembeni. Ni kazi ya kupendeza kuitazama. Jasho linamtiririka na bado hakosei upana wa kidole.

Hata hivyo chuma kina daftari lake. Springi ikiwa garini, mhimili huibeba katikati na gari hukandamiza ncha zake kwenda chini, kwa hiyo uso wa juu, ule wa ndani ya tao, ndio unaovutwa na mzigo. Nyundo ya kukunja ilipoupiga uso huohuo iliubana kupita kikomo, nao, kwa kanuni tuliyoiona hivi punde, ukabaki na mkazo wa kuvutwa. Sasa mzigo unakuja kuvuta juu ya mvuto. Ufa ukizaliwa, utazaliwa hapo. Kiwandani hufanywa kinyume: springi mpya hukandamizwa makusudi upande ule ule wa mzigo mpaka ngozi ipite kikomo, ili ikiachiwa ibaki imebanwa, kisha uso wake hunyeshewa mvua ya chembe ndogo za chuma zinazougonga mara elfu nyingi na kuubana zaidi. Nyufa hazipendi mahali palipobanwa.

Hao wanaonyeshea chembe walihitaji kujua wamebana kiasi gani, na kipimo walichokipata kinanifanya nicheke kwa furaha kila nikikikumbuka. J. O. Almen wa General Motors alichukua ukanda mdogo wa chuma cha springi, urefu wa milimita 76, upana wa 19, akaufunga kwa skrubu kwenye kitalu, akauweka chini ya mvua ile ile pamoja na springi. Upande mmoja tu ndio uliogongwa. Skrubu zilipofunguliwa, ukanda ulijipinda wenyewe, upande uliogongwa ukatuna. Kimo cha mtuno ndicho kipimo. Mpaka leo viwanda duniani vinatumia ukanda wa Almen. Na ndilo jambo lile lile la kifuniko cha Kitale: upande uliogongwa hutanuka, na umbo lote husema.

Hapo ndipo ilipo siri ya ufundi wote huu. Mkazo uliobaki hauonekani, na hakuna mizani ya kuupimia moja kwa moja. Unachoweza kufanya ni kukifungulia chuma kamba mojawapo, kisha utazame kinakwenda wapi, na kwa hatua ngapi. Kikisogea, kilikuwa kimefungwa. Kiasi kilichosogea ndicho kiasi cha kamba.

Mafundi wa bomba wamekwisha kuliona hili hata kama hawajaliandika. Bomba la chuma lililotengenezwa kwa kukunja bati baridi na kuchomelea mshono, ukilipasua kwa urefu wake wote, hufunguka kama ganda la njegere. Wengi husema “limejiachia” na kuendelea na kazi. Wewe usiendelee. Kata kwanza pete fupi ya bomba, upime kipenyo chake kwa venia kabla ya kuipasua. Ipasue. Pima tena. Tuseme bomba ni la milimita 100, unene wa ukuta milimita 3, na baada ya kupasuliwa kipenyo kimefika 104. Zidisha ugumu wa chuma, ambao ni kama megapaskali 200,000, kwa unene 3, kisha kwa tofauti ya kipenyo, 4. Gawanya kwa 100 mara 104. Jibu ni karibu megapaskali 230. Maana yake ngozi ya nje ya bomba hilo, likiwa bado limelala dukani likiwa jipya, ilikuwa ikivutwa kwa nguvu iliyokaribia kabisa kikomo cha chuma laini. Hakuna aliyeligusa. Na jibu hilo limepatikana kwa msumeno wa chuma, venia, na kikokotoo cha simu.

Nimesema msumeno, na sikuteleza. Grinda ni ya haraka, lakini grinda ni shahidi aliyehongwa. Cheche zake ni joto, na joto huongeza mkazo mpya juu ya ule unaoupima, hata usijue jibu ni la bomba au la grinda. Msumeno wa mkono, mwendo wa pole, maji yakidondoka polepole kwenye mfereji, huacha chuma kiseme chenyewe. Hii ni mojawapo ya kazi chache ambazo haraka haikupunguzii ubora tu, inakupa uongo kamili wenye namba.

Uvumilivu huo una historia ndefu. Mwaka 1888 Mrusi Nikolai Kalakutsky alichapisha utafiti wa mikazo ya ndani ya chuma, akiwa amepasua vipande kwa urefu na kupima vilivyofupika na vilivyorefuka. Mwaka 1927 Georg Sachs wa Ujerumani alifanya hivyo kwa mabomba na miti ya chuma, akichonga ndani tabaka baada ya tabaka na kupima upande wa nje kila mara. Mwaka 1934 J. Mathar akaja na wazo la huruma zaidi: badala ya kukata kitu kizima, toboa tundu dogo na upime jinsi chuma kinavyosogea pembeni mwa tundu. Kidonda kinabaki kidogo, na mara nyingi kifaa chaweza kurudi kazini.

Alichokosa Mathar ni chombo chepesi cha kupimia kusogea huko. Kilipatikana mwaka 1938 Marekani, Edward Simmons na Arthur Ruge walipogundua, kila mmoja kwake, kwamba waya mwembamba ukigandishwa juu ya chuma hurefuka na kufupika pamoja nacho, na umeme unaopita ndani yake hubadilika. Leo kibandiko hicho hutengenezwa kwa karatasi nyembamba ya metali, na kwa kazi ya tundu hubandikwa vitatu kuzunguka sehemu moja, kama mafiga.

Mtazame anayeifanya kazi hiyo. Anasugua uso wa chuma kwa msasa mwepesi, akihofia msasa wenyewe usiweke mkazo. Anapangusa kwa pamba mpaka pamba itoke safi. Anabandika, anabana kwa kidole, anahesabu. Analenga keekee katikati kabisa ya mafiga yale matatu, kwa sababu tundu likienda pembeni kwa unywele, hesabu yote imepotea. Halafu anatoboa milimita 0.05 na kusimama. Anasubiri namba itulie, anaandika. Anatoboa 0.05 nyingine. Anasimama. Anaandika. Mara 20, mpaka tundu lenye upana wa kama milimita 2 lifike kina cha milimita 1. Anachokisoma ni sehemu za milioni: sehemu moja ni sawa na kilomita nzima kurefuka kwa milimita moja. Asubuhi nzima hupita kwenye tundu ambalo mtoto angeliziba kwa punje ya mtama.

Kuna wanaopima bila kukata kabisa. Eksirei hupima nafasi iliyopo kati ya safu za atomi; safu zikiwa zimeachana kuliko kawaida, chuma kinavutwa, zikiwa zimesongamana, kinabanwa. Ila katika chuma eksirei ya kawaida haipiti hata sehemu moja ya mia ya milimita, kwa hiyo inasoma ngozi tu. Nyutroni hupita sentimita kadhaa, lakini zinataka tanuri la nyuklia au mashine kubwa kama kijiji. Bara letu linayo moja: pale Pelindaba, Afrika Kusini, kwenye tanuri la SAFARI-1, kuna chombo cha kazi hiyo kiitwacho MPISI, jina linalomkumbusha Mzulu fisi, mnyama anayefika mpaka ndani ya mfupa.

Sasa rudi kwenye fuawe ya fundi wetu. Kile ni kipande cha reli, na reli ni sehemu ya hadithi ya miji hii miwili: Bungoma iko kwenye njia kuu iendayo Uganda, na tawi la Kitale lilifika mwaka 1926. Reli ikitoka motoni kiwandani huwa imepindapinda, kwa hiyo hupitishwa baridi kati ya magurudumu yanayoipinda juu na chini mpaka inyooke. Inatoka imenyooka machoni, lakini ndani kichwa na nyayo zake zinavutwa huku kiuno kikibanwa. Kiwango cha Ulaya hakiruhusu mvuto kwenye nyayo kuzidi megapaskali 250. Namna ya kuhakikisha ni ile ile: kibandiko kwenye nyayo, misumeno miwili, na kipande cha milimita 20 kinatolewa ili kiwe huru. Kinaposogea, wanasoma.

Mtu anaweza kusema haya ni ya viwanda, na fundi wa sanduku hahitaji kuyajua. Lakini dunia imekwisha kulipia ujinga huo. Waingereza walipokuwa India waliweka risasi zenye maganda ya shaba nyeupe katika mazizi ya farasi msimu wa mvua, na maganda yakapasuka yenyewe yakiwa yamelala. Yalikuwa yamevutwa umbo baridi kiwandani, mkazo ukabaki ndani, na amonia ya mikojo ya farasi ikamalizia. Maelezo kamili yalichapishwa na Moore, Beckinsale na Mallinson mwaka 1921. Dawa ilikuwa rahisi kama kuchemsha maji: kuyapasha maganda joto la wastani baada ya kuyaunda, ili mkazo uondoke kabla ya kuhifadhiwa.

Mhunzi wa zamani alilijua hilo bila amonia wala India. Ndiyo maana tunasema samaki mkunje angali mbichi. Chuma kikikunjwa kikiwa chekundu hakishiki kinyongo, na kikikunjwa baridi, hukishika. Fundi anayekirudisha kwenye makaa baada ya kukifua, akakiacha kipoe taratibu kwenye jivu, anafuta daftari. Hukumu yangu ni kwamba mafundi wetu hawajakosa ujuzi wa mkazo huu. Wanao vidoleni, masikioni, machoni. Kinachokosekana ni kuuandika, ili unaopatikana Kitale leo usizikwe Kitale kesho, na kijana wa Kanduyi asianze upya kwa kuvunja springi kumi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, kwa walimu wa karakana za Kitale National Polytechnic, kwa wakufunzi wa vyuo vya ufundi vya Bungoma, na kwa kila fundi mwenye mwanafunzi anayemshikia koleo. Bomba litakalopasuliwa wiki hii, bapa litakalokatwa, upapi utakaopindwa: msikate mikono mitupu. Kwanza chora alama mbili kwa ncha ya msumari, pima kati yake, andika namba ukutani kwa chaki. Kata polepole, kwa msumeno. Pima tena, andika pembeni. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo chuma kilichokuwa kikitaka kuwaambia.